Ukipewa Zamu ya Kuhubiri na Mkalimani Pembeni Yako

Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Busia amepangiwa kuhubiri kwa mara ya kwanza, akaja kuniuliza aanzie wapi. Nilimwambia aanze na fungu lenyewe, tena aanze Jumatatu. Wengi huanza na kichwa cha kuvutia, "Ushindi Wako Umefika", halafu Jumamosi usiku wanahangaika kutafuta aya za kukishikilia. Mahubiri ya namna hiyo hayakosi kelele. Lakini mwulize muumini saa nane mchana yalihusu nini, atakujibu tu kwamba mhubiri leo alikuwa moto.

Mimi nikishapata fungu, nalisoma kila siku kwa sauti, kwa sababu sikio hunasa vitu ambavyo jicho limeshazoea kuviruka. Chukua 2 Wafalme 4, mistari saba ya kwanza: mjane na chupa ya mafuta. Tumeisikia mara nyingi ikihubiriwa kama habari ya kufurikiwa na baraka. Isome polepole. Marehemu alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mcha Mungu, na bado alikufa akiwa na deni. Mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Elisha anamwuliza mama ana nini nyumbani. Habari za ukubwa wa imani yake hazigusi. Vyombo vinaazimwa kwa majirani. Mlango unafungwa, kwa hiyo hakuna umati wa kupiga vigelegele. Na mafuta yanapokoma, agizo ni kwamba akayauze, alipe deni, kinachobaki wale yeye na wanawe.

Ukishayaona hayo, andika sentensi moja tu. Yangu ingekuwa: "Muujiza ulipokwisha, mjane alitumwa akalipe deni." Kila utakachosema kiitumikie sentensi hiyo. Kisichoitumikia kibaki daftarini hata kama ni kitamu, na hapa ndipo wahubiri wapya wanapoumia, maana kila walichokigundua wanataka kukisema siku hiyo hiyo. Kumbuka pia ni nani wameketi mbele yako. Kwetu ni akina mama wa dagaa na mitumba, wengi wao wana mkopo wa kikundi unaolipwa kila wiki. Ukitangaza kwamba Mungu amefuta madeni yote, ujue mweka hazina wa kikundi yuko benchi la tatu anakutazama.

Mifano nayo ihakikishe. Ikikaribia tarehe 3 Juni kila mhubiri Uganda huwataja mashahidi, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, na utasikia kwamba wote walichomwa moto Namugongo siku ile moja ya mwaka 1886. Sivyo. Joseph Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, na Andrew Kaggwa aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886. Kanisani hakukosi mwalimu wa historia, na akishakunasa hapo, hata habari za Elisha atazisikiliza kwa mashaka.

Sasa mkalimani. Kwetu Kiswahili huenda Kisamia, na wakija wageni kutoka Kampala huenda Kiluganda. Dakika 30 ulizopewa ni 15 zako na 15 za mwenzako, kwa hiyo andaa za 15. Sentensi ziwe fupi, ila kila moja isimame yenyewe. Ukisema "Yule mjane, ambaye mume wake, kama tulivyosoma..." kisha ukanyamaza, mwenzako ana nini cha kutafsiri? Sema: "Mume wake amekufa." Mwachie. "Ameacha deni." Mwachie. "Na mdai yuko mlangoni." Wanaosikia lugha zote mbili watapata kila neno mara mbili, na kimya chako katikati huwapa nafasi ya kulitafakari.

Mpe fungu lako siku moja kabla, ili aisome aya katika Biblia ya lugha yake. Asiibuni kichwani wakati watu wamefungua vitabu na wanafuatilia kwa kidole. Methali ambayo utamu wake wote uko kwenye vina iache nyumbani. Akikosea kidogo, usimrekebishe mbele ya watu; irudie hoja yako kwa maneno mengine, atakuelewa. Na wapo wakalimani wanaopandwa na moto kuliko mhubiri mwenyewe, wakaongeza mahubiri yao humo humo. Huyo zungumza naye mapema, tena kwa upole.

Maombi sikuyataja kwa kuwa naamini unaomba. Ila kuna wanaosema wao hawaandai chochote, Roho atawapa maneno hapo hapo. Ahadi hiyo, Mathayo 10, walipewa watu wanaopelekwa mbele ya maliwali na wafalme kwa ajili ya Kristo. Wewe zamu yako imebandikwa ukutani tangu mwezi jana.

La kumalizia: andika mapema sentensi utakayofungia, na uijue kwa moyo. Usiahidi "neno la mwisho" kisha ukaendelea kwa dakika kumi. Watu wa ibada ya pili wamesimama nje juani, na mkalimani wako naye sauti imeanza kukauka.