Re: Mawe kwenye nyongo lakini damu iko sawa, kwa nini upasuaji?
Pole sana dada. Vipimo vya damu huonyesha kama ini au kongosho limeguswa. Mawe yaliyotulia ndani ya mfuko wa nyongo mara nyingi hayaibadilishi damu. Ukuta wa mfuko huo wa milimita 2 kwenye picha yako ni wa kawaida, wasiwasi huanza ukizidi 3. Ila unasema kila ukila samaki wa kukaanga pale Dunga, ufuoni Kisumu, ubavu wa kulia unabana hadi begani. Hapo mawe yameanza kusumbua, ndiyo maana unaambiwa upasuaji hata kama damu iko sawa, na dawa za vidonda vya tumbo haziyatoi. Mama yangu hapa Nakuru alizimeza miaka 2 bure, inaniuma hadi leo. Ukipata homa au macho yakigeuka manjano, usingoje miadi, nenda hospitali usiku huohuo.