Nilidhani mimi ni soprano

Wiki hii mmetuuliza: ukiwa chuoni, ulijiunga na kikundi gani ambacho ungependa mdogo wako naye ajiunge nacho? Jibu langu sikulitafuta mbali. Ni kwaya ya kanisa la chuo.

Nilisoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, Mwanza. Nilifika sijui kusoma nota hata moja. Parokiani kwetu nilikuwa naimba kwa kusikiliza tu, na kwa kuwa inayosikika zaidi ni sauti ya kwanza, nikajihesabu soprano. Siku ya kwanza ya mazoezi mwalimu wa kwaya akanipigia do kwenye kinanda. Akanishusha, nikashuka bila taabu. Akanipandisha, koo likakaza. "Dada, wewe ni alto," akasema, yaani sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, akanikalisha katikati ya alto wawili wa mwaka wa tatu.

Mkononi nilipewa fotokopi iliyofifia: mistari minne ya herufi, mmoja kwa kila sauti, d, r, m, f, s, l, t (ndiyo do, re, mi na wenzake), na maneno chini yake. Kila sauti inafundishwa peke yake, kwanza kwa nota, maneno baadaye. Tukiimba alto peke yetu, niko sawa. Tukiunganishwa tu, sikio linakimbilia kwa soprano, na yule dada wa kulia ananiimbia sikioni mpaka narudi. Tulikwenda hivyo karibu mwezi mzima. Kisha jioni moja tukiwa tumeshikilia silabi moja, soprano kwenye s, sisi kwenye m, wanaume wa tenor kwenye d na wa besi kwenye d ya chini, nikawasikia wote wanne kwa pamoja bila kuipoteza yangu. Machozi yalinitoka palepale.

Wengi wanahofia masomo. Sisi tulikuwa na mazoezi jioni tatu kwa wiki, pamoja na misa ya Jumapili. Ukiwa na testi, mwambie kiongozi wa sauti yako mapema. Naye ni mwanafunzi, atakuelewa. Hata mchango wa sare, kama bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, halijaingia, sema tu.

Kinachochosha kweli ni Kwaresima, na ndicho ninachokikumbuka zaidi. Aleluya haiimbwi, Utukufu, ule wimbo wa "Utukufu kwa Mungu juu", hauimbwi isipokuwa kwenye sherehe chache, na kinanda kinasindikiza sauti tu. Hakuna ngoma ya kumficha aliyeshuka. Wiki zote hizo unaufanyia mazoezi Utukufu ambao huruhusiwi kuuimba kanisani. Halafu unafika mkesha wa Pasaka: masomo ya Agano la Kale yamekwisha, kila moja na zaburi yake, miguu inauma, padre anaanzisha Utukufu, na kengele zinalia zote kwa mpigo. Nilikuwa nimeukariri wimbo ule mpaka ndotoni, lakini nilipofungua kinywa usiku ule ulikuwa kama mpya.

Mdogo wangu anaanza chuo mwaka huu. Nimemwambia aende mazoezini wiki ya kwanza kabisa, kabla ratiba haijambana. Asitangulie kusema yeye ni sauti gani, aache apimwe. Na abebe penseli, maana mwalimu atasimamisha wimbo kuonyesha mahali pa kuvuta pumzi, na alama ile huandikwa palepale juu ya nota.