Mwanafunzi akiona kilele kipya kwenye spektra

Mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alikuja mbio, karatasi ya spektra mkononi. Tulikuwa tunachunguza mmenyuko wa Suzuki, ule ambao metali ya paladi, ikiwa kichocheo, huunganisha kaboni na kaboni, na kwenye NMR ya fosforasi, yaani kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila aina ya fosforasi kama kilele kwenye mchoro uitwao spektra, kilikuwa kimejitokeza kilele ambacho hakikuwa cha kichocheo tulichoanza nacho. Tukaamini tumelinasa zao la kati, yaani molekuli inayozaliwa ndani ya mmenyuko na kutoweka kabla haujaisha. Tukakaa na imani hiyo wiki sita.

Kosa lilikuwa langu. Sikumwagiza atengeneze molekuli ile peke yake, aiingize kwenye mmenyuko, kisha apime kasi. Alipofanya hivyo, ikatoa zao polepole kuliko mmenyuko mzima. Kumbe haikuwa njiani. Ilikuwa imejibanza pembeni, ikirundikana kwa kuwa haina haraka. Mkemia Jack Halpern alikwisha kulieleza jambo la namna hii mwaka 1982 kwa vichocheo vya metali ya rodi: umbo lililoonekana kwa wingi silo lililotoa zao kuu, bali lile adimu lililotenda upesi. Nilikuwa nikilifundisha darasani, na bado likanipita maabarani. Sasa jaribio hilo huandikwa kwenye daftari kabla mwanafunzi hajagusa mashine.

Wanafunzi wanaoanza huwapa kwanza saa ya radikali, yaani radikali (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake) inayojibadili umbo kwa kasi inayojulikana, maana haidai mashine za kunasa chochote. Radikali ya 5-heksenili hujikunja kuwa pete ya kaboni tano kwa kasi ya takriban mara 200,000 kwa sekunde katika nyuzi 25 za Selsiasi. Ukiikuta pete hiyo kwenye zao, una sababu nzuri ya kushuku kwamba radikali ilipita. Saa ya pete ya kaboni tatu, ambayo hufunguka badala ya kujikunja, ina kasi zaidi, lakini kwenye kazi za vitendanishi vya metali ya magnesi naiepuka: kitendanishi cha magnesi chenyewe nacho hufungua pete ile, na mwanafunzi atahesabu radikali isiyokuwepo.

Anayetaka kunasa zao la kati lazima alipoze: beseni la barafu kavu ndani ya asetoni hukupa nyuzi 78 chini ya sifuri. Mashine ya NMR nayo ipozwe mapema. Sampuli zetu nyingi zilipotelea kwenye zile hatua chache za kutoka kwenye beseni hadi kwenye mashine. Halafu kuna oksijeni. Ikivuja, fosfini, yaani molekuli ya fosforasi inayoshikamana na paladi, hugeuka oksidi, na kilele chake hufanana sana na ugunduzi. Kwa hiyo siku ya kwanza mpe mwanafunzi fosfini aioksidishe makusudi, aipime, na spektra yake aibandike ukurasa wa mbele wa daftari.