Kukua bila baba: jibu kwa mdogo wangu wa Igogo

Mdogo wangu, umesema una miaka 19, mama amekulea peke yake hapo Igogo, Mwanza, na baba unasikia tu kwamba yuko kisiwani Ukerewe. Umeuliza uanaume utajifunzia wapi, na kama umtafute. Wengi wamekujibu "piga kazi, utakomaa." Kazi ni lazima, ila mji huu umejaa wachapakazi ambao bado ni wavulana. Mimi nimepita humo, naomba nikujibu kwa urefu.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanawafuata samaki, mwezi huu kambi hii, mwezi ujao kisiwa kingine, na wapo wanaooa huko huko na habari ya kurudi inaishia hapo. Wangu alivukia visiwani kabla sijaanza kutembea. Mama alibaki Kirumba, akawa ananunua dagaa wakavu kwa gunia pale soko la Mwaloni na kuwauza kwa kopo la sado mitaani. Tulikula, tulisoma. Kilichonielemea ni maneno ya watu wazima: "Wewe ndiye baba wa nyumba hii." Nilikuwa darasa la tatu! Mtoto akiambiwa hivyo anaelewa kwamba kuanzia leo hana ruhusa ya kuogopa wala ya kuuliza. Wazazi mnaosoma hapa, nawaomba sana msiwabebeshe watoto mzigo huo.

Sasa uanaume. Kwetu Usukumani zamani kulikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee na vijana wa kiume walikaa pamoja, wazee wakisimulia na kukosoa. Mjini tuna kijiwe, na kijiweni wote ni rika moja. Hakuna aliyewahi kufika unakotaka kwenda, kwa hiyo mnapimana kwa wanawake na bia. Ndiyo maana nasema tafuta waliokuzidi umri, tena zaidi ya mmoja.

Likizo moja mjomba alinipeleka kwa mzee aliyekuwa kiongozi wa mtumbwi wa dagaa, nikae naye kambini. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, taa haina kazi, wavuvi wanapumzika nchi kavu na hesabu zinafungwa. Mzee alitandika gunia mchangani, akafungua daftari, akasoma kwa sauti: mafuta ya karabai, unga, deni la nyavu, fungu la tajiri mwenye mtumbwi. Kilichobaki akakigawa mbele ya kila mtu, noti moja moja. Kijana mmoja alikuwa amelala kwa malaria. Fungu lake mzee akalifunga kwenye karatasi, akaandika jina. Mwingine akalalamika kwamba mgonjwa hakupiga kasia wiki nzima. Mzee hakupandisha sauti: "Ameugua akiwa kwetu." Akaendelea kuhesabu. Hakuna mtu aliyenihubiria siku ile, lakini hadi leo nikishika pesa ya watu wengine namkumbuka.

Mzee huyo huyo alikuwa na mdomo mchafu kwa mkewe. Hilo nilimwachia. Namna ya kukaa na mke nilijifunza kwa mjomba, na mjomba naye kwenye pesa hakuwa wa kuigwa.

Jambo la pili, na hili vijana wa mjini hamlijui. Kwa mila ya Kisukuma, mwanaume asiyetoa ng'ombe za mahari, watoto wanahesabiwa upande wa mama. Babu yangu wa Magu, mzaa mama, hakuniona mtoto wa pembeni hata siku moja. Una wajomba? Nenda kwao. Msiba ukitokea, wahi, shika jembe mchimbe kaburi pamoja, lala matangani. Kunyoa ndevu utajifunza mwenyewe. Pengo la baba linauma kwenye shughuli, pale ukoo unapotakiwa usimame. Tulipopeleka posa, wazee wa upande wa binti waliuliza baba wa kijana ni nani. Mjomba akajibu, "Mnaongea naye." Mazungumzo yakaendelea. Nakuambia ukweli, nilitamani kulia pale ndani.

Kuhusu kumtafuta. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 200, nilijikuta nahangaika na majina ya marehemu, nikimtafuta mtu ambaye hata sura yake siijui, kwa sababu nilisikia anaishi Ukara. Hakuwemo. Baadaye nilivuka. Nilimkuta ameketi anashona nyavu, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nilipotaja jina la mama aliweka sindano chini. Maelezo niliyoyasubiri tangu utotoni hayakuwepo, alisema tu maisha yalimshinda. Tukala ugali na sato. Siku hizi nampigia simu, wanangu wanamjua. Kunilea hakunilea, na hilo halibadiliki tena, ila hasira yangu ilipungua nilipoona ni mzee wa kawaida tu, amechoka.

Ningekwenda nikiwa na 19 ningekwenda kuomba anifanye mwanaume, na asingeweza. Nilikwenda nikiwa tayari na mjomba, na babu, na yule mzee wa kambini. Kwa hiyo kamtafute, lakini anza na wa huku.

Na kabla hujapanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, mwambie mama. Usimfiche. Ukimficha atasikia sokoni, na yeye ndiye aliyebaki na wewe.