Mdau wa Goba, hicho cheti cha Rottweiler kiache kabatini

Mkuu, usiende na hicho cheti kwenye mkutano. Na zile picha za mbwa akicheza na watoto, ziache kwenye simu.

Umesema hapo Goba mtoto ameng'atwa na mbwa na sasa watu wanakusanya sahihi ili manispaa iombwe kutunga sheria ndogo ya kupiga marufuku Rottweiler, Pitbull, Boerboel na German Shepherd, mkutano ni Jumamosi, na wewe umejipanga kusimama ueleze kwamba wako ni mbegu halisi, ana karatasi, mpole, na kwamba wanaong'ata watu ni mbwa koko na machotara wa Pitbull wanaofugwa na vijana wasiojua kufuga. Ukauliza na habari ya mkufunzi, na banda liwe na ukubwa gani. Nilipofika kwenye hiyo aya ya "wangu ni mbegu halisi" roho iliniuma. Hotuba hiyo naijua neno kwa neno. Ilisomwa mtaani kwetu na ndiyo iliyotumaliza.

Kwetu ilianza na mtoto. Alitumwa dukani asubuhi, mbwa akachomoka kwenye geti lililoachwa wazi wakati gari linatolewa, akamng'ata mkono. Kabla ya saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa unasema "Rottweiler". Kilichowafanya waseme hivyo ni rangi tu, mweusi mwenye mabaka ya kahawia usoni na miguuni. Mama wa yule mbwa alikuwa mbwa wa kawaida kabisa wa uswahilini, baba yake hajulikani na mtu. Lakini jina lilishatoka, na jina likishatoka mtaani hulirudishi. Kesho yake karatasi ya sahihi ikaanza kutembea, ikiwa na mbegu nne kama hiyo yenu.

Wenye mbwa tukafungua kundi la WhatsApp. Humo akaingia bwana mmoja anayezalisha na kuuza mbwa, ambaye wengi wetu tulinunua kwake, na akashika usukani. Akasema pigania mbegu. Akasema waonyesheni watu tofauti kati ya mbwa wa maana na takataka za jalalani. Akatuandikia hotuba yeye mwenyewe, yenye historia ya mji wa Rottweil kule Ujerumani, mbwa waliokuwa wanaswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama, na umuhimu wa karatasi za ukoo. Siku ya mkutano hakuja. Na kwa nini aje? Yeye hana nyumba pale. Alichokuwa analinda ni bei ya watoto wa mbwa wake, na bei hiyo inasimama juu ya imani moja tu, kwamba damu ya mbwa ndiyo kila kitu. Huyu mtu alituvalisha hoja ya biashara yake tukaenda nayo mbele ya mama ambaye mwanawe amefungwa bandeji. Hasira hiyo ninayo mpaka leo na sioni sababu ya kuificha.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana ndicho kitakachokutokea wewe. Mzee wetu mmoja akasoma hotuba vizuri kabisa. Alipomaliza, mama mmoja wa nyuma akauliza: "Kwa hiyo mnakubali kwamba kuna mbegu mbaya, ila si za kwenu?"

Pale mchezo uliisha. Ukishasema mbwa wako ni mzuri kwa sababu ya mbegu yake, umeshakubali kwamba mbegu ndiyo inayong'ata. Umewapa wenzako msingi wote wa sheria wanayoitaka, kilichobaki ni kugombania nani aandikwe na nani afutwe. Na ndivyo ilivyokuwa. Wa German Shepherd akasimama akasema hao ni mbwa wa polisi, waondolewe kwenye orodha. Wa Pitbull akamgeukia wa Boerboel. Wenye mbwa koko, ambao ndio wengi, na ambao walikuja wakiwa hawana upande, wakasikia mbwa wao wakiitwa takataka mbele za watu. Wangetuunga mkono, wakanyoosha mikono upande wa pili. Orodha haikupungua hata mbegu moja. Iliongezwa maneno mwishoni: "na mbwa wengine wote wenye maumbile yanayofanana na hao."

Hayo maneno ya mwisho yasome tena. Uingereza wanayo tangu 1991. Sheria yao ya mbwa hatari ilitaja aina nne, ya Pitbull, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, lakini mbwa hahukumiwi kwa karatasi za ukoo. Anapimwa kwa umbo: kichwa, kifua, miguu. Mbwa anaweza kuwa hana tone la damu ya Pitbull akachukuliwa kwa sababu amefanana naye. Tarehe 31 Desemba 2023 wakaongeza XL Bully, na kuanzia 1 Februari 2024 ikawa kosa kummiliki bila kibali maalumu katika England na Wales. Zaidi ya miaka 30 ya kuongeza majina, na watu wanaolazwa hospitalini England kwa kung'atwa na mbwa wamezidi kuongezeka. RSPCA, chama chao kikubwa cha ustawi wa wanyama, kinapinga utaratibu huo wa mbegu.

Na macho ya watu hayawezi kazi hiyo. Kuna utafiti uliochapishwa 2015, ulifanyika Florida kwenye vituo vya kuhifadhi mbwa. Wafanyakazi 16 ambao kazi yao ya kila siku ni mbwa walitazama mbwa 120, halafu vinasaba vikapimwa. Wengi walioitwa Pitbull hawakuwa Pitbull. Kama hao wanakosea, mgambo wa Dar atatofautisha vipi chotara wa Boerboel na koko aliyelishwa vizuri? Huku kwetu karibu kila mbwa ni mchanganyiko. Orodha ya mbegu hapa maana yake ni kwamba mbwa wako yuko salama mpaka siku utakapokosana na jirani.

Lakini gharama kubwa ilikuja baadaye, na ndiyo iliyonifanya niandike yote haya badala ya kukupa namba ya mkufunzi. Watu waliogopa. Wenye nyumba wakawaambia wapangaji ondoeni mbwa. Wengine waliwapakia usiku wakaenda kuwatupa upande wa Pugu na Kisarawe, mbwa waliozoea kula jikoni. Wangu nilimpeleka kwa shemeji Mkuranga. Alifungwa chini ya mwembe, akagoma kula, hakumaliza masika. Waliobaki na mbwa wao waliwaficha uani. Ilipofika siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa pale ofisi ya mtaa, walikuja wachache sana, kwa sababu kumtoa mbwa hadharani ilikuwa ni kujitaja mwenyewe. Wafugaji waliokuwa wanachanja kila mwaka waliacha. Mtaa uliotaka usalama ukaishia na mbwa wengi zaidi wasio na chanjo, nyuma ya mageti, bila mtu kujua wako wangapi.

Hilo ndilo linaloua watu. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna anayepona kwa kawaida, na karibu wagonjwa wote, asilimia 99, wanakipata kwa mbwa. Kiwango kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa ili mnyororo ukatike. Pemba walifanikiwa. Ugonjwa ulirudi kisiwani 2016, wakachanja mbwa, na kufikia 2018 ukawa umekwisha tena. Waliwachanja mbwa wa kawaida wa kijijini, na hakuna aliyeuliza huyu ni mbegu gani.

Kwa hiyo kanuni ninayokupa ni moja, na naomba uishike kama ulivyoshika kamba ya mbwa wako: Jumamosi usitamke jina la mbegu yoyote. Hata yako, hata kwa kuisifia. Mtu akikuuliza "Rottweiler si mkali?", jibu: "Mbwa yeyote aliye nje ya geti bila mtu ni hatari, na mimi nimekuja na pendekezo la kuwazuia wote." Akirudia, rudia. Akikuletea video ya Pitbull wa Marekani, usiitazame. Siku utakapoanza kueleza tofauti ya Pitbull na Rottweiler umeshawauza wenzako wote na wewe mwenyewe unafuata.

Nenda na karatasi yako iliyoandikwa. Mtaa wenye hofu hauwezi kuondoka mikono mitupu, ukipinga tu bila kuleta kitu utaonekana humjali mtoto. Andika kwamba kila mbwa, awe koko au wa cheti, akae ndani ya uzio au bandani, geti liwe la kujifunga lenyewe. Akitoka awe kwenye kamba iliyoshikwa na mtu mzima. Achanjwe kichaa kila mwaka na kadi ionyeshwe ofisi ya mtaa. Na mbwa akimng'ata au kumkimbiza mtu, hatua zimfuate yeye na mwenye mbwa, kwa alichofanya, kuanzia onyo na kufungwa mdomo mpaka kuondolewa kabisa akirudia. Mwenye mbwa alipe matibabu yote, zikiwemo sindano zote za kichaa. Hapo kwenye kulipa usilegeze, ndipo wazazi watakapokusikiliza.

Weka pia kwamba mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa mawe siku hiyo hiyo. Afungwe, daktari wa mifugo aitwe, aangaliwe siku 10. Akimaliza siku 10 akiwa mzima, hakuwa anaambukiza kichaa alipomng'ata mtu. Ukimuua na kumzika, umezika na jibu. Na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja, bila kusubiri hizo siku 10.

Kwetu kuna mzee anayetoka alfajiri kwenda kuswali. Baada ya kila kitu kuharibika aliniambia: "Mwanangu, mimi jina la mbwa silijui wala silihitaji. Nataka nifike msikitini na nguo yangu ikiwa twahara." Mbwa wa ulinzi wengi hapa mjini hufunguliwa usiku, na mageti mengine hayafungi sawasawa. Mzee yule alikuwa tayari kusaini nasi kama tungeandika tu kwamba mbwa wawe wamefungwa kabla ya adhana ya alfajiri. Hatukumuuliza, tulikuwa tunasoma historia ya Ujerumani. Hapo Goba wapo wazee kama huyo, wapo na bodaboda wanaokimbizwa na mbwa kila jioni. Waandike kwenye karatasi yako.

Kingine ambacho hatukuambiwa: mkutano wa mtaa hautungi sheria ndogo. Azimio lake ni ombi. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, na kabla ya kupitishwa wananchi hutangaziwa na hupewa nafasi ya kupeleka pingamizi kwa maandishi. Kisha inahitaji idhini ya waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Sisi tulitupa mbwa kwa sababu ya azimio. Waambie wenzako hilo mapema, kabla mtu hajapakia mbwa kwenye gari.

Mifano ya nje usiimwage mkutanoni, watu watakwambia "hiyo Ulaya". Ihifadhi kwa diwani na kwa mwanasheria wa halmashauri. Uholanzi walipiga marufuku Pitbull 1993, wakaifuta 2008 kwa sababu haikupunguza watu kung'atwa. Italia walikuwa na orodha ndefu ya mbegu, wakaiondoa 2009 na kuhamishia wajibu kwa mwenye mbwa. Denver, Marekani, marufuku ilidumu tangu 1989 mpaka wapiga kura walipoamua Novemba 2020 kuibadilisha kwa vibali. Na hapa nyumbani tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ambayo inaweka wajibu kwa mwenye mnyama. Mwambie diwani unaomba mtaa ufuate njia hiyo hiyo.

Umebakiza siku chache. Kesho jioni nenda nyumbani kwa huyo mtoto aliyeng'atwa, kama ni mbwa wako au si wako. Usiende na mbwa wala na picha yake. Muulize mzazi sindano amemaliza zote au bado, kama bado changisheni wenye mbwa mkamalizie. Halafu msomee ile karatasi yako, umuulize ameona nini kimepungua, na akikwambia kitu kiandike hapo hapo mbele yake. Siku ya mkutano ingia mapema, mpe mwenyekiti nakala, na usiondoke mpaka uone pendekezo lako limeingizwa kwenye muhtasari, maana ule muhtasari ndio utakaopanda kata.