Acha spesa kwanza, anza na shokapu na bushi

Mkuu, una laki nne na Toyota IST inayogonga chini ukipanda mawe ya Mabatini: usikimbilie spesa, vile vipande vya kuinulia gari vinavyowekwa kwenye springi. Zitainua gari, kweli, lakini shokapu zilizochoka zinabaki zilezile, tena ekseli za mbele zinakaa kwa pembe kali na buti za sivi jointi (raba zinazofunika maungio ya ekseli) zinachanika mapema.

Chuchumaa uitazame shokapu. Ukikuta mafuta yameilowesha na vumbi limegandia, hiyo imekwisha. Kisha fundi asukume lawa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, kwa mtaimbo. Bushi, ile raba ya kwenye maungio yake, ikiwa imepasuka utaiona ikiachama. Mlio wa "kong kong" mara nyingi unatoka hapo, au kwenye stabilaiza linki, vile vyuma vifupi vinavyounganisha stabilaiza na upande wa gurudumu, ambazo ni bei ndogo.

Shokapu nunua mpya, mbili za mbele kwa pamoja; za nyuma zisubiri mshahara ujao. Za kampuni ya KYB, zile za kawaida, zinatosha kabisa. Springi za mtumba sawa, zikiwa pea moja, bila kutu wala ufa.

Na tafadhali simama hapo gereji: boliti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini, siyo ikining'inia kwenye jeki. Mafundi wengi wanaruka hili na bushi mpya inakatika upesi. Ukitoka hapo, alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo, kabla tairi hazijaliwa upande.