Maswali yenu: vyungu vya shaba vya Wachina wa kale

Kila picha ninayoona vyombo hivi ni vya kijani. Walivipaka rangi? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, hiyo ni kutu. Chuma hushika kutu nyekundu, shaba hushika ya kijani, na hivi vimelala ardhini miaka elfu tatu. Vilipotoka kwa msubi viling'aa kwa manjano. Wenyewe waliita madini hayo *jin*, neno ambalo leo kwa Kichina ni dhahabu.

Vilikuwa vya mapambo au vya kupikia? (Msomaji, Kisumu)

Vya kupikia, ila walaji wakuu walikuwa marehemu. Chukua *ding*: ni chungu chenye miguu mitatu, yaani kimezaliwa na mafiga yake, moto unakokwa chini yake moja kwa moja. Humo ilipikwa nyama ya tambiko la mizimu ya ukoo. *Jue* nacho ni kikombe cha miguu mitatu cha kupashia pombe.

Mkubwa wao ana miguu minne: Houmuwu, kilo 832.84, kimo sentimita 133. Mfalme mmoja wa Shang, ukoo uliotawala China enzi hizo, alimsubia marehemu mama yake. Wanakijiji walikifukua Anyang, uliokuwa mji mkuu wa Shang, mwaka 1939, wakajaribu kukikata kwa msumeno, kikawashinda. Wakakifukia tena kisichukuliwe na wanajeshi wa Japani, kikatolewa 1946. Sasa kiko Beijing.

Walisubu vipi vitu vyenye nakshi hivyo? (Fundi, Gerezani, Dar es Salaam)

Fundi, hili utalipenda. Kwingi duniani walichonga umbo kwa nta, wakalifunika udongo, nta ikayeyushwa ikatoka. Wachina wa Shang walitumia udongo mtupu. Walifinyanga mfano wa chombo, wakaukandika udongo kwa nje, kisha wakaukata ule wa nje vipande vipande na kuubandua. Vipande hivyo ndivyo kalibu. Vikachomwa, vikaunganishwa upya kuzunguka kiini cha udongo, katikati ukabaki mwanya mwembamba kama unene wa chombo. Humo ndimo shaba iliyochanganywa na bati, na mara nyingi madini ya risasi ili itiririke vizuri, ilipomiminwa. Baadaye kalibu ilivunjwa. Ukikitazama chombo pembeni, mara nyingi utaona mshono palipokutana vipande, na nakshi nazo zimepangwa kufuata mshono huo.

Ni kweli lipo kaburi la malkia lililokutwa halijaibwa kitu? (Msomaji, Kampala)

Lipo, na kwangu mimi linashinda vyungu vyote. Ni la Fu Hao, mmoja wa wake za mfalme Wu Ding, aliyezikwa Anyang yapata 1200 K.K. Mwanaakiolojia Zheng Zhenxiang, mwanamke pia, aliongoza uchimbaji wake mwaka 1976. Vilitoka vitu 468 vya shaba, yakiwemo mashoka ya vita, maana bibi huyu aliongoza majeshi. Tunajua hivyo kwa sababu Wu Ding aliagua kwa mifupa, na maswali yake yakachongwa humo humo. Aliuliza hata kama mkewe angejifungua salama. Jibu lililochongwa baadaye: haikuwa heri, alizaa msichana. Msichana, kwa mama aliyezikwa na mashoka!

Kaburini zilikuwamo pia kauri, yaani simbi za baharini, karibu 7,000. Msomaji wa Kampala hahitaji maelezo, maana Waganda hadi leo pesa huita *ensimbi*, yaani simbi hizo hizo. Kwa Kichina nako, herufi nyingi za mali na biashara zimebeba alama ya kauri ndani yake.

Shemeji yuko Guangzhou, ameuziwa *ding* “ya enzi ya Shang” kwa bei ya simu. Ni ya kweli? (Msomaji, Mombasa)

Si ya kweli. Wachina wenyewe walianza kuiga vyombo hivi tangu enzi ya Song, karibu miaka elfu iliyopita, kwa hiyo hata bandia zina ukoo mrefu. Na ashukuru ni bandia: vitu vya kale vya kabla ya 1911 haviruhusiwi kutoka China, angeishia mikononi mwa forodha. Akija nayo, mpandieni mrehani.